Baada ya Kigogo Kuanguka, Nani Anaitisha Mkutano?

Kila Mkenya aliyewahi kutazama taarifa ya saa moja jioni anaijua sentensi hii hata akiamshwa usingizini: "Tunaomba serikali iingilie kati." Daraja limebebwa na maji, tunaomba serikali. Ndovu wamemaliza mahindi, tunaomba serikali. Mtoto ana uvimbe shingoni na hospitali inadai laki tatu, tunaomba serikali na wahisani wema. Anayesema huwa amezungukwa na majirani. Hao majirani ndio waliofunga kamba watoto wavuke mto, ndio waliokesha wakipiga mabati kufukuza ndovu, ndio waliochanga nauli ya mgonjwa. Lakini kamera ikishawashwa, wote wanageuka kuwa waombaji.

Siku hizi nikiisikia sentensi hiyo naisikiliza kama umbo la fasihi. Ina masaibu, ina msemaji mmoja anayesimama kwa niaba ya wengi, na ina msikilizaji aliye mbali, juu, ambaye hajibu. Nadhani sehemu kubwa ya fasihi yetu ya kisiasa ya Kiswahili imejengwa kwa umbo hilo hilo, hata ile inayojiita ya kimapinduzi. Waandishi wetu ni mafundi wa kumchora mtawala mbaya. Wanajua anavyokula, anavyocheka, anavyowapanga vibaraka wake. Wanajua pia kumwangusha. Ila ukiwauliza waliobaki wataishi vipi pamoja Jumatatu asubuhi, kitabu kinafungwa. Na kwa sisi ambao imani ya serikali ilishatutoka, hiyo Jumatatu ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na babu yao wote. *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, na hadi leo ndiyo riwaya ambayo mwalimu wa Kiswahili akitaka kueleza istiari anaikimbilia. Nchi iko angani. Karama anashtakiwa na waziri, Majivuno, kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Kwa siku sita anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo mema, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Ni utetezi mtamu. Lakini angalia umesemwa mbele ya nani. Umesemwa mbele ya mfalme, na anayewafungua wafungwa mwishoni ni mfalme huyo huyo, baada ya moyo wake kuguswa. Watu wa Kusadikika wamo barazani kama wasikilizaji tu. Hatujui wao walikuwa na mpango gani. Mabadiliko yanateremka kama mvua.

Simlaumu Shaaban Robert. Aliandika chini ya mkoloni, na kuomba kwa ufasaha kulikuwa ujasiri kwa wakati wake. Ninachouliza ni kwa nini umbo hilo limeendelea kuishi wakati mfalme alishaondoka na bendera ikabadilishwa.

Wengi wa rika langu tulisoma *Kigogo* ya Pauline Kea tukijiandaa kwa KCSE. Najua watu wasioweza kukumbuka fomula hata moja ya kemia lakini wanamkumbuka Majoka, kiongozi wa Sagamoyo, aliyefunga soko la Chapakazi ili ajenge hoteli. Tamthilia hii imepiga hatua kubwa mbele ya *Kusadikika*. Hakuna anayesubiri moyo wa Majoka ulainike. Tunu anapigwa na anaendelea. Watu wanakusanyika kwenye lango la soko, sherehe ya mkubwa inakosa watu, na mkuu wa polisi anakataa kuamuru umati upigwe risasi. Tulipoisoma darasani tulipiga meza. Miaka michache baadaye tukajifunza kwamba maafisa wa aina hiyo ni haba nje ya jukwaa.

Lakini hebu rudi kwenye lile soko. Kabla Majoka hajalifunga, Chapakazi liliendeshwa na nani? Nani alijua meza ipi ni ya nani, aliyefiwa alichangiwa vipi, mgeni aliyekuja na kikapu cha nyanya aliambiwa akae wapi? Mtu yeyote aliyewahi kununua sukuma Gikomba au Kongowea anajua soko ni mkusanyiko wa makubaliano, mengi yakiwa hayajaandikwa popote. Kanjo huja kuchukua ushuru, makubaliano yenyewe hawakuyaleta wao. Hiyo ndiyo serikali iliyokuwa Sagamoyo kabla ya serikali. Tamthilia inalitumia soko kama kitu cha kugombaniwa, kama taji. Pazia likishuka, macho ya umma yamemgeukia Tunu. Ni shujaa, anastahili. Lakini miongozo tuliyokariri shuleni ilifanya makosa zaidi ya mtunzi: ilituambia maudhui ni "uongozi mbaya" na "uongozi bora", basi. Tukaingia utu uzima tukiamini kwamba tatizo la Sagamoyo ni nani anakalia kiti, kama ambavyo kila baada ya miaka mitano tunaambiwa tatizo la Kenya ni hilo. Chuo niliacha kabla ya kuhitimu, lakini hata miaka niliyokaa huko sikukutana na mhadhiri aliyetuuliza habari za soko.

Kuna mwandishi mmoja aliyejaribu kuondoa kiti kabisa. Katama Mkangi alikuwa mwanasosiolojia, mhadhiri, na miaka ya 80 serikali ya Moi ilimweka kizuizini bila kesi. Mwaka 1995 alitoa *Walenisi*. Dzombo anahukumiwa kifo na utawala wa kwao, anafungiwa ndani ya chombo cha angani kinachopaswa kuwa jeneza lake, anafaulu kukiendesha, na anatua katika nchi isiyo na matabaka wala wanyonyaji. Jina la nchi ukilikata vipande linajieleza lenyewe: wale ni sisi. Hapo ndipo fasihi ya Kiswahili ilipothubutu kusema wazi kwamba watu wanaweza kuishi bila mtu wa kuwakalia kichwani.

Naipenda riwaya hii na bado inanisumbua. Dzombo anafika Walenisi kama mgeni, kila kitu kikiwa kimeshasimama. Mtu-Binti anampokea na kumfungua macho, na sisi tunatembezwa naye. Kazi ngumu ya kuijenga nchi kama hiyo ilishafanyika kabla ya ukurasa wetu wa kwanza. Sioni wale watu wakibishana hadi usiku, wala mmoja akinuna, wala kura ikirudiwa. Ni kama kuonyeshwa picha ya harusi bila kuambiwa vikao vya mahari vilikwendaje. Halafu ona: mwaka 1997, miaka miwili baada ya kuchapisha riwaya hiyo, Mkangi mwenyewe aligombea urais wa Kenya kwa tiketi ya Kenya National Congress. Akapata kura chache mno, na Moi akarudi Ikulu. Sisemi hivyo kumcheka. Nasema kwa sababu inaonyesha njaa ya fikira ilivyo kali: hata mtu aliyeota nchi isiyo na wakubwa, alipotaka kuileta duniani, mlango pekee aliouona ni ule wa Ikulu.

Mlango mwingine ulikuwepo, na ulikuwa Limuru. Kamĩrĩĩthũ inatajwa sana kama sura ya maisha ya Ngũgĩ wa Thiong'o, hasa tangu alipofariki Mei 2025, na kila anayeitaja anafika haraka kwenye kufungwa kwake. Mimi naomba tukae kidogo kabla ya hapo. Mwaka 1977 wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwandani walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni, chenye kamati ya wenyeji. Walianza na madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, kisha wakataka mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya *Ngaahika Ndeenda*, wakaileta, na wanakijiji wakaisahihisha. Wazee wakarekebisha lugha. Waliokuwa wakipokea mshahara wa kiwandani wakasema mshahara hasa unavyokwenda. Mazoezi yalifanywa hadharani, siku ambazo watu hawako kazini, na mpita njia akiona mwigizaji amekosea anasema. Ukumbi wa wazi wa kukalia watu zaidi ya 2,000 waliujenga wenyewe.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Katikati ya Novemba leseni ikafutwa, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akawa mikononi mwa polisi. Sasa hapa kuna jambo ambalo wahakiki hulipita mbio. Mwaka 1980 maandishi ya tamthilia hiyo yalichapishwa Nairobi, kwa Gĩkũyũ, na kitabu kikauzwa madukani. Machi 1982 polisi wakaenda Kamĩrĩĩthũ na kuubomoa ule ukumbi hadi chini. Yaani serikali iliweza kuvumilia kitabu. Kilichoikosesha usingizi ni mbao na nguzo, mahali ambapo watu wa kawaida walizoea kukutana, kusahihishana na kukubaliana bila chifu kuitisha baraza. Kwa maoni yangu huo ndio uhakiki sahihi zaidi uliowahi kufanyiwa tamthilia hiyo, na ulifanywa na mtu aliyetuma polisi. Alielewa maudhui hayakuwa kwenye maneno peke yake.

Tangu hapo, nadhani, fasihi yetu ilichagua upande wa kitabu. Ni salama zaidi. Kitabu kinaweza kumtukana kigogo kwa istiari, kikaidhinishwa, kikafundishwa shuleni na serikali ile ile.

Kisha ikaja Juni 2024, na mtaa ukawaacha waandishi nyuma. Mswada wa Fedha, kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria, ulichambuliwa na kutafsiriwa na watu waliojitolea, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, ukapitishwa kutoka simu hadi simu. Mawakili walikwenda vituo vya polisi bila kulipwa. Madaktari na wauguzi wakatibu majeruhi. Watu wasiojuana walichanga kwa M-Pesa bili za hospitali na gharama za mazishi. Tarehe 25 vijana waliingia Bunge, na wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 Rais akasema hatautia saini ule mswada. Na siku zote hizo swali lililokuwa likirudi kutoka juu lilikuwa moja: kiongozi wenu ni nani? Aje tuongee. Watu walijibu kwamba hayupo. Lilikuwa jibu la watu wanaokumbuka historia. Nchini hapa kiongozi wa waandamanaji ni mtu anayesubiri kualikwa chai. Julai ile ile Rais alivunja Baraza la Mawaziri, na kabla mwezi haujaisha watu wa ODM, chama cha upinzani, walikuwa wameteuliwa kuwa mawaziri. Ukitaka kujua imani yangu ilizikwa lini, hiyo ndiyo wiki yenyewe.

Baada ya hapo nilisoma mashairi mengi sana, mengine ya marafiki zangu. Mengi yalikuwa na uchungu wa kweli. Lakini karibu yote yalimwandikia Rais. Uliua, utalipa, unatusikia? Tulikuwa tumekaa wiki kadhaa tukifanya kazi ya serikali bila serikali, na tulipokaa chini kuandika tulirudi kwenye umbo la taarifa ya saa moja. Sijakutana na shairi kuhusu yule aliyekuwa akiweka hesabu za mchango, jinsi alivyokuwa akibandika kila shilingi usiku wa manane ili watu waamini. Kwangu yule ni mhusika mkubwa kuliko mheshimiwa yeyote.

Najua unachotaka kuniuliza. Je, watu wakijitawala, yule mwizi wa simu aliyechomwa kwa tairi alitawaliwa na nani? Swali ni la haki, na fasihi yetu imeliuliza vizuri kuliko mimi. *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei imejaa watu waliong'olewa makwao. Ridhaa anaikosa familia yake katika moto, na mkono uliowasha ni wa jirani. Hakukuwa na haja ya amri yenye muhuri. Majirani wanaojua kuchangiana mazishi ndio hao hao wanaojua nyumba ipi ni ya kabila gani. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikakuambia umma ni mtakatifu. Lakini tuangalie sawasawa: moto ule wa 2007 na 2008 haukutoka hewani. Ulifuata kura, ulifuata mashamba yaliyogawanywa kisiasa, ulifuata miaka mingi ya kufundishwa kwamba mtu wetu akikosa Ikulu, sisi tumekufa. Kiti ndicho kilichomgeuza jirani kuwa hesabu. Hilo halimwondolei jirani lawama. Linatuambia tu kwamba kujitawala ni ujuzi, unafundishika, na unaoza usipotumiwa. Na sehemu ya kazi ya fasihi ilikuwa kutufundisha.

Nikisema ujuzi, simaanishi kitu kikubwa. Ploti ninayoishi ina nyumba 18 na tenki moja. Mwenye ploti alipoacha kulipa bili, maji yakakatwa, na simu yake ikawa haishikiki. Mama wa nyumba ya chini, anayeuza chapati, akagonga milango yote Jumapili moja. Tulikubaliana kila nyumba itoe mia tatu kwa mwezi, maji yawe yanafunguliwa saa kumi na moja asubuhi na saa mbili usiku, na ufunguo ukae zamu ya wiki moja moja. Mwezi wa tatu kijana wa juu hakutoa. Kikao kilichukua saa tatu. Wengine walitaka akatiwe. Mwingine akasema kama ni hivyo, basi tumekuwa mwenye ploti. Ikajulikana kijana amepoteza kazi na ameona aibu kusema. Mwishowe aliambiwa atasafisha tenki hadi apate kazi, na mama wa chapati akatoa sharti kwamba hakuna atakayemwita mtu wa tenki. Siku mbili baadaye mtu alimwita hivyo, na kikao kikarudi tena.

Saa zile tatu zilikuwa na kila kitu ambacho mwalimu wa fasihi angetaka: mgogoro, kinaya, wahusika wanaobadilika, lugha za aina nne. Kulikuwa na swali zito zaidi ya lile la Majoka atang'oka lini, yaani tutamfanya nini mtu wetu asiyeweza kutoa, bila kuwa kama wale wanaotukandamiza. Nilitafuta kichwani riwaya au tamthilia ya Kiswahili iliyonitayarisha kwa kikao hicho, nikakosa. Nilikuwa nimetayarishwa vizuri sana kumchukia mwenye ploti.

Sitegemei chama cha ploti kijenge reli wala kinunue chanjo za nchi nzima. Hatua kati ya tenki moja na mto mzima ni ndefu, na anayesema ni fupi anakudanganya. Ila mtu asiyewahi kuiona hatua ya kwanza ikiandikwa ataendelea kudhani haipo, na mwaka 2027 atapanga foleni kumtafuta Karama mwingine, Tunu mwingine, mwenye moyo mzuri, wa kumkabidhi ufunguo wa maji.

Ndiyo maana ombi langu, na safari hii silielekezi kwa serikali, ni kwa wanaoandika. Tumewachora vigogo wa kutosha. Chukua Sagamoyo pale tulipoiachia. Lango la Chapakazi limefunguliwa, ni saa kumi na moja asubuhi, na waimbaji wameshakwenda kulala. Kuna nafasi ya meza 40, wauzaji wamekuja 60. Kumi kati yao walikuwa upande wa Majoka hadi juzi. Mawingu yamejaa na anga imenyamaza, na nusu ya soko haina paa. Tunu yuko hospitalini na mguu wake. Mama mmoja anapanda juu ya kreti ya soda na kusema jamani, tusikizane.

Anzia hapo.